Wakili wa kesi za miliki bunifu: dhana zinazopotosha na hali halisi

Wapo wanafunzi wa sheria nchini Tanzania wanaoikwepa kazi ya kutetea miliki bunifu mahakamani, yaani alama za biashara, hakimiliki na hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), kwa kudhani kwamba lazima wakili awe pia mhandisi au mkemia. Dhana hiyo inatoka Marekani, ambako anayewakilisha waombaji mbele ya ofisi ya hataza kwa kawaida hutakiwa kuwa na elimu ya sayansi au ufundi. Lakini hata huko sharti hilo halimbani wakili anayeendesha kesi ya hataza mahakamani. Tanzania Bara njia ni ileile ya mawakili wengine: shahada ya sheria, mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, kisha kuapishwa na kuingizwa katika orodha ya mawakili. Sayansi inapohitajika, huitwa shahidi mtaalamu.

Inayopotosha zaidi ni dhana kwamba ushindi hutokana na ufasaha wa kusema. Mara nyingi mvutano mkali hutokea mapema, kwenye maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mpinzani hadi kesi iamuliwe, ambayo hubebwa na kiapo cha maandishi. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba lipo suala zito la kuamuliwa na kwamba anaweza kushinda, kwamba bila zuio atapata hasara isiyofidika, na kwamba yeye ataumia zaidi kuliko mpinzani wake. Hilo la katikati ndilo kisiki, kwa sababu mauzo yaliyopotea huhesabika kwa shilingi. Kwa hiyo wakili hulazimika kuthibitisha kwamba kinachomomonyoka ni jina lenyewe.

Tuchukue sabuni ya unga. Wakili wa mdaiwa huweka pakiti mbili mezani na kuonyesha kwamba herufi hazifanani na mapovu yamechorwa tofauti. Wa mdai hujibu kwamba mnunuzi wa dukani kwa Mangi hana pakiti mbili mkononi. Ana kumbukumbu nusunusu, na pengine amemtuma mtoto akalete "ile ya bluu". Hoja hiyo, hata hivyo, haina nguvu iwapo hakuna anayeweza kueleza pakiti ilinunuliwa wapi, lini na nani, na risiti iko wapi. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi hii ni kutunza vielelezo.

Hatimaye kuna wateja wanaoamini kwamba cheti cha alama kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, kinawalinda katika Muungano wote. Miliki bunifu si jambo la Muungano: Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili, BPRA. Mwenye cheti cha Bara pekee hawezi kukitumia kumshtaki anayeuza bidhaa ya kuigiza katika soko la Darajani, Zanzibar, na hata huku Bara alama husajiliwa kwa miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Ndiyo maana wakili mzoefu, kabla hajasikiliza malalamiko, huomba kwanza kukiona cheti na kusoma tarehe yake.