Maktaba za pamoja kwenye Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maktaba ya pamoja ni faili ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi, badala ya kila moja kubeba nakala yake. Kosa la kwanza kuzihusu nalijua vizuri kwa kuwa nimelitenda mwenyewe. Programu ya zamani inagoma kufunguka, inadai haioni libssl.so.1.1, faili ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano. Unachungulia kwenye folda, unakuta libssl.so.3 imejikalia. Watu wanakwambia: tengeneza kiungo, ipe hiyo mpya jina la zamani, mambo yatakwenda.

Hayaendi. Namba iliyo mwishoni mwa jina la faili ni ahadi. Watengenezaji wa maktaba wakibadilisha mambo ya ndani kiasi cha kuvunja programu zilizokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu inayoendeshwa), huibadilisha namba hiyo. Ndiyo maana Debian 11, toleo la mfumo mmojawapo wa Linux, ilibeba kifurushi cha libssl1.1, na Debian 12, iliyotoka 2023, ikaja na libssl3: majina mawili, ili vifurushi viwili viweze kukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Ukilazimisha kiungo, utakataliwa papo hapo, kwa sababu funksheni za OpenSSL zimepigwa muhuri wa toleo, na programu yako inautafuta muhuri wa OPENSSL_1_1_0. Hapo shukuru. Maktaba isiyo na mihuri ingefunguka kimyakimya, kisha ikavuruga data katikati ya kazi. Dawa ni kuikompaili programu upya kwa maktaba mpya, au kutafuta toleo lake jipya.

Dhana ya pili: toleo likionekana la zamani, basi lina tundu la usalama. Aprili 2014 tundu la Heartbleed lilipojulikana, OpenSSL 1.0.1 hadi 1.0.1f zote zilikuwa nalo, na 1.0.1g ikaliziba. Debian 7 haikuhamia 1.0.1g. Walichukua kiraka peke yake, wakakishonea kwenye 1.0.1e waliyokuwa nayo, kikatoka kifurushi 1.0.1e-2+deb7u5. Mkaguzi anayeishia kwenye herufi e atapiga kelele bure. Habari yenyewe iko mkiani, kwenye deb7u5.

Ila kusasisha kifurushi hakumalizi kazi, ingawa wengi hufungia hapo. Faili ya diski imebadilika, sawa, lakini seva ya tovuti iliyowashwa wiki iliyopita bado imeshika nakala mbovu kwenye kumbukumbu. Iwashe upya.

Wapo pia wanaodhani mpaki vifurushi, anayeandaa maktaba na programu ziingie kwenye mfumo kama Debian, anazipu tu kazi ya wengine. Mwaka 2006, upande wa Debian, mistari iliondolewa kwenye OpenSSL kwa sababu zana ya kukagua kumbukumbu ilikuwa ikiilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha ubahatishaji unaotumika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo ni namba ya mchakato (ambayo mfumo huipa kila programu inapowashwa), isiyozidi 32,768, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote. Luciano Bello aligundua hilo, likatangazwa Mei 2008, na funguo za SSH (za kuingilia mashine kwa mbali) zilizotengenezwa kwenye mashine hizo zikabidi zitupwe.

Na wale wasemao kila programu ibebe maktaba zake? Kwa programu moja ya mezani, wana hoja, siwabishii. Kwenye seva yenye programu thelathini, Heartbleed nyingine ingekuwa viraka thelathini, kutoka kwa watu thelathini. Na ikiwa maktaba imeunganishwa ndani kabisa ya programu, hata ldd, amri ya kuorodhesha maktaba za programu, haitakuonyesha kwamba ipo.