Wahudumu wa afya ya akili na mashambani: tunayoyasema na yaliyo kweli

Simama asubuhi nje ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi, utakuta jamaa waliosafiri usiku kucha wakiwa wamemshika mgonjwa wao mkono. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alibaini kuwa kati ya hospitali 284 za ngazi ya nne kwenda juu, ni 29 tu zilizotoa huduma za afya ya akili. Hapa Nairobi tunaeleza kwa urahisi mno kwa nini wahudumu wa afya ya akili hawapatikani mashambani.

Dhana: Ongeza mshahara, watakwenda.

Kwenda, pengine. Kukaa ndiko kugumu. Marupurupu ya mazingira magumu yapo miaka mingi, na bado watu wanaomba uhamisho. Fikiria muuguzi wa magonjwa ya akili aliyepelekwa peke yake kaunti ya mbali. Mgonjwa aliyetulia kwa sindano ya kila mwezi analetwa amefungwa kamba, kwa kuwa sindano iliisha na haikuagizwa nyingine. Muuguzi hana mwenzake wa kumuuliza, nyumba ya kupanga ni ya shida, mumewe na watoto wamebaki Nairobi. Kisha wodi ya wazazi inapungukiwa na watu, anahamishiwa huko. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi: amesomea akili, na kijiji kizima kinamkosa ilhali yupo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 hauishii kwenye fedha. Unataja makazi, usalama kazini, masomo ya kuendelea, kupanda cheo na kuunganishwa na wenzao.

Dhana: Aliyesomea mjini harudi kijijini.

Inategemea alikotoka. Mwongozo huohuo unashauri vyuo vipokee vijana waliokulia mashambani, maana ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Kwenye afya ya akili, lugha nayo ni tiba. Mama wa Turkana akihitaji mkalimani, mara nyingi mkalimani huyo ni shemeji au mwanawe. Atayasema yapi mbele yake?

Dhana: Kijijini hakuna msongo wa mawazo.

Muulize mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020.

Dhana: Bila daktari bingwa hakuna huduma.

Zimbabwe walianza mwaka 2006, chini ya daktari Dixon Chibanda, kuwafunza akina nyanya kusikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili za wagonjwa zilipungua. Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaotembelea watu majumbani, zaidi ya 100,000 tangu 2023. Lakini mhamasishaji akiwa na mtu anayetaka kujiua saa nne usiku, lazima awe na namba ya muuguzi itakayopokelewa, na muuguzi naye awe na ya daktari.