Sindano ya ganzi ya mgongo haikuachii maumivu ya maisha

"Nilichomwa sindano ya mgongo, tangu hapo kiuno hakijapona." Kauli hii huwatia hofu wajawazito wengi wanaotakiwa kujifungua kwa upasuaji. Lakini mgongo huwauma hata waliojifungua kawaida. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga na kiuno, tumbo huuvuta mgongo kwa mbele, kisha inafuata miezi ya kunyonyesha ukiwa umeinama.

Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ile ya kuwekea dripu. Unakaa, unainamisha kichwa na kuupinda mgongo kama upinde ili pingili ziachane. Mtaalamu wa usingizi hupitisha sindano kiunoni, mara nyingi kati ya pingili ya tatu na ya nne, chini ya pale uti wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani ya pingili, unapoishia. Dawa ni kama mililita 2 tu. Dakika chache baadaye miguu inakuwa mizito. Utahisi kuguswa na kuvutwa, si kukatwa. Presha ikishuka utasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Sema papo hapo, hutibiwa hapo hapo mezani.

Palipochomwa huuma siku chache. Cha kuangalia zaidi ni kichwa kinachouma sana ukikaa na kutulia ukilala: ugiligili, yaani majimaji yanayouzunguka uti wa mgongo, unavuja kupitia kitundu cha sindano. Tafadhali usivumilie nyumbani, kinatibika. Miguu kukosa nguvu saa nyingi baada ya upasuaji, mkojo kugoma, au homa pamoja na maumivu makali ya mgongo ni dharura. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.