Saikolojia ya makuzi ya maisha yote: ina maana gani kwa mwalimu wa michezo?

Jina ni refu, lakini dhana yenyewe inashikika. Saikolojia ya makuzi huchunguza jinsi akili, hisia na mahusiano ya mtu yanavyobadilika kadiri umri unavyosogea. Hayo maneno "maisha yote" yana ubishi ndani yake. Zamani wataalamu wengi walimchunguza mtoto na kijana, kisha wakafunga daftari, kana kwamba mtu akishaota ndevu amekamilika. Mmoja wa waliokataa ni Paul Baltes (1939–2006), mwanasaikolojia wa Ujerumani. Kwake makuzi hayakomi mpaka kifo, na kila umri una kinachopatikana na kinachopotea.

Makuzi si sawa na ukuaji wa mwili. Ukuaji unaupima kwa futi na mizani, na mara nyingi hauendi pamoja na akili. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na wengine hutangulia au kuchelewa. Ndiyo maana katika timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, utamkuta kipa mwenye kimo cha mtu mzima akilia kwa kufungwa bao, na kocha anafoka: "Jitu zima unalia!" Jitu zima lina miaka 12.

Jambo ambalo natamani kila mwalimu wa michezo alijue ni lile lililochunguzwa na mwanasaikolojia John Nicholls. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, juhudi na uwezo ni kitu kimoja: aliyekimbia mpaka jasho likamtoka ndiye hodari, hata kama alishika mkia. Akifika miaka 11 au 12 anaanza kuvitenganisha, na hesabu inageuka kuwa chungu: "Nimejitahidi kuliko wote na bado nimeshindwa, basi sina kipaji." Kuanzia hapo kujitahidi ni hatari, kwa sababu kunaweza kumuumbua. Leo kichwa kinauma, kesho raba zimechanika. Mwalimu huita uvivu; mimi naona mtoto anajificha. Ukimtangaza wa mwisho kwenye mchakamchaka mbele ya shule nzima, mtoto wa darasa la kwanza huenda akacheka na kuendelea. Wa darasa la saba anaweza kuichukia michezo moja kwa moja.

Kwa watu wazima, Baltes na mkewe Margret walieleza kuzeeka vizuri kwa mambo matatu: kuchagua, kunoa na kufidia. Unachagua machache unayoyaweza, unayanoa, na kilichopungua unakifidia kwa njia nyingine. Mfano wa kuchagua tunaujua sote. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya Kenya. Mwaka uliofuata alihamia marathoni, akashinda Hamburg, na mwaka 2022 akakimbia Berlin kwa saa 2:01:09, miaka 37 ikiwa mgongoni. Nani angeyajua hayo kama angeng'ang'ania uwanjani? Kufidia kunaonekana zaidi kwenye mechi za maveterani wikendi: kiungo ambaye miguu imekwisha, lakini anasimama pale pale mpira utakapoangukia, huku vijana wakihema.

Kwa wazee, kikwazo mara nyingi si goti peke yake, ni woga. Mzee aliyewahi kuanguka huogopa kuanguka tena, hivyo anapunguza kutembea. Asipotembea miguu inalegea, na miguu ikilegea anaanguka kirahisi zaidi. Kumwambia "usiogope, bibi" hakusaidii kitu. Mkufunzi anayejua makuzi humwekea kiti imara, anamwomba ainuke na kukaa mara chache akikishikilia, na wiki zinavyopita anamwacha aamue mwenyewe siku ya kukiachia.