Kivuli kwenye duara: kamwangalie ng'ombe aliyefungwa kona ya nyumba

Nafundisha hesabu twisheni hapa Uyole, Mbeya, na swali linalowatoa jasho madogo wa darasa la saba kila mwaka ni lile la "tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli", wakiona tu duara limekatwakatwa wanadaka 22/7 wanazidisha na kila namba iliyo karibu. Mimi nawaambia peni chini kwanza. Kabla hujagusa pai jiulize, hicho kivuli ni sehemu gani ya duara zima?

Duara zima lina nyuzi 360. Pembe ya katikati ikiwa 90 hiyo ni robo, ikiwa 120 ni theluthi. Vivuli vikiwa vitatu kwenye duara hilohilo, tuseme nyuzi 40, 50 na 30, usihangaike kutafuta eneo la kimoja kimoja, jumlisha pembe unapata 120, basi chukua theluthi. Nusu kipenyo ikiwa sm 21, duara zima ni 22/7 × 21 × 21 = 1386, gawa kwa 3, sm za mraba 462. Imeisha hiyo. Ila angalia umepewa kipenyo au nusu kipenyo, ukitumia kipenyo kana kwamba ni nusu kipenyo jibu linatoka mara nne ya linalotakiwa.

Sasa kuna siku niliwatoa watoto nje kabisa, jirani kafunga ng'ombe wake kwenye kona ya nyumba kwa kamba ya mita 7. Majani yameliwa hadi udongo unaonekana, halafu pale kamba inapoishia yamesimama marefu, mpaka wake umepinda vizuri kama umechorwa kwa bikari. Hicho ndicho kivuli chenyewe! Nyumba ni mita 10 kwa 8, kona yake inakula nyuzi 90, zinabaki 270, yaani robo tatu. 22/7 × 49 = 154, robo tatu yake mita za mraba 115.5.

Nikawauliza, kamba ikiwa mita 14 je? Wote wakajibu robo tatu ya 616, yaani 462. Dogo mmoja akanyamaza, akaenda ukutani akaanza kupima kwa hatua, akarudi akasema mwalimu, ukuta ukiisha kamba si inakunja kona? Nilifurahi sana siku ile. Inakunja kweli, upande wa ukuta wa mita 10 zinabaki mita 4, upande wa mita 8 zinabaki 6, na kila upande ng'ombe anapata robo duara nyingine. 16 na 36 ni 52, robo yake 13, mara 22/7 ni kama 40.86, kwa hiyo jumla yote 502.86.

Ila kamba ikizidi mita 18 robo hizo mbili zinapandana nyuma ya nyumba, hapo ukijumlisha tu bila kutoa panapopandana utakuwa umemhesabia ng'ombe majani yaleyale mara mbili.