Kuona kwa pembeni: mbona kitu unakiona ila hujui ni nini?

Kuona kwa pembeni ni kila kitu unachokiona bila kukielekezea macho. Na ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani, maana sehemu ya jicho inayoona vizuri kabisa ni ndogo mno, nyoosha mkono uangalie ukucha wa kidole gumba, hapo tu ndo pako safi kweli, kama digrii 2 hivi, wakati macho mawili yanashika karibu digrii 180 kutoka kushoto hadi kulia.

Sasa kasi yake. Mwaka 1996 mtafiti Simon Thorpe na wenzake kule Ufaransa waliwaonyesha watu picha kwa milisekunde 20 tu, swali ni moja, kuna mnyama au hakuna, na mawimbi ya ubongo yakawa yameshaanza kutofautiana kati ya picha zenye mnyama na zisizo naye ndani ya milisekunde 150. Baadaye wakazisogeza picha pembeni, hadi karibu digrii 70 huko, makosa yakaongezeka kweli lakini bado watu walipatia kuliko mtu wa kubahatisha. Kwa hiyo jibu la haraka haraka pembeni lipo, kuna kitu, kinatembea, kama mnyama vile.

Kinachogoma ni undani. Wengi wanasema ni ukungu tu, mi naona hapo wanakosea, shida kubwa ni msongamano, yaani vitu vilivyokaa karibu karibu vinavurugana. Jaribu, kodolea alama ya jumlisha bila kuchungulia:

+ . . . . . . . . . R

+ . . . . . . . . ARN

R ya kwanza utaijua, ya pili inavurugika na majirani zake wakati saizi ni ileile. Herman Bouma, mtafiti Mholanzi, aliandika mwaka 1970 kwamba majirani wanaanza kuvuruga wakiwa ndani ya karibu nusu ya umbali kutoka unapotazama, yaani herufi ikiwa sentimita 10 pembeni, herufi nyingine iliyo ndani ya sentimita 5 kutoka kwake ni usumbufu.

Ndo maana bodaboda peke yake kwenye barabara tupu unaidaka fasta, ila ikichomoka kati ya daladala, miavuli na watu, unahisi tu kitu kimecheza, inabidi ugeuze jicho, na jicho lenyewe linakula karibu milisekunde 200 kabla halijaanza kusogea, ambapo gari la kilomita 60 kwa saa lishakata mita 3 na kitu.