Kabla hujasema ndege hayupo, sikiliza kwanza

Ukipanda msitu wa Ngangao kule Taita Hills, Kenya, asubuhi, ukungu bado umelala kwenye miti, hata uwe na darubini nzuri vipi ndege wadogo utawaona wachache sana maana wako ndani ya vichaka huko, ila ukisimama ukatulia masikio yanakwambia wapo. Ndo maana siku hizi tunawafuatilia kwa sauti.

Tunayemhangaikia zaidi ni apalisi wa Taita, kandege kadogo kenye mkia mrefu, hakapatikani kwingine popote duniani ila kwenye hivi vilima, na kako daraja la mwisho la hatari ya kutoweka. Ngangao yenyewe ni hekta 120 hivi tu. Na yeye anapenda vichaka vizito, vile vinavyoota pembezoni au pale mti mkubwa ulipoanguka jua likaingia, kwa hiyo ukifyeka huko chini ukaacha miti mirefu imesimama, wewe utaona msitu uko sawa tu kumbe kwake nyumba imeshabomolewa.

Rekoda tunazotumia, kama AudioMoth, zinaenea kiganjani na zinatumia betri 3 ndogo za AA. Tunaifunga kwenye mti usawa wa kifua, mbali na mto maana maji yanafunika sauti zote, na ndani ya kasha tunatia vile vipakiti vya kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu. Ukirekodi kwa kilohezi 48, yaani rekoda inapima sauti mara 48,000 kila sekunde, saa moja inakula karibu MB 345, kadi ya GB 32 inajaa kabla siku 4 hazijaisha, ndo rekoda tunaipangia iamke saa kumi na moja alfajiri ilale saa tatu, hapo kadi inafika siku 20 na zaidi.

Tukirudi nayo sauti tunaigeuza picha kwenye laptopu. Sauti nyembamba inakaa juu, nzito chini, na kila ndege ana mwandiko wake. Shoka nalo linaonekana, mistari imesimama wima pa pa pa, na chensoo inatandaza ukanda mzito chini, yaani faili moja inakupa ndege na hali ya msitu wake.

Programu kama BirdNET, inayotambua ndege kwa sauti, inasaidia kupekua, lakini imefundishwa zaidi kwa ndege wa Ulaya na Amerika Kaskazini, huku kwetu lazima mtu anayeijua sauti asikilize tena. Alafu milio 50 sio ndege 50, anaweza kuwa mmoja anaimba asubuhi nzima. Na kutomsikia siku moja haina maana hayupo, ndo maana tunarekodi pale pale asubuhi nyingi, hapo tunaweza kukadiria tulimkosa mara ngapi na yeye alikuwepo.

Nawaomba sana, msimpigie sauti yake kwenye simu ili atokee mpige picha. Anadhani mwenzake kaja kumnyang'anya eneo, anaacha kulisha makinda anakuja kupambana na spika. Na ukikuta kiboksi kimefungwa mtini kiache hapo hapo, maongezi ya watu yakinaswa tunayafuta.

Ukitaka kurekodi mwenyewe kwa simu, anza kwa kutaja tarehe, saa na mahali ulipo, alafu nyamaza dakika 5.